Siku za Kimya kabla ya Riba

Kila nikirudi Maretadu nakuta dada yangu ameongeza kitu. Mara banda la kuku, mara bati juu ya jiko, mara mche wa parachichi uliopandwa palepale nilipozoea kuegesha pikipiki. Mimi sijaongeza kitu popote. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupita: utingo wa lori, dereva, mpakiaji wa vitunguu, kisha dereva tena. Nikiwa mbali naikumbuka baridi ya kwetu ya asubuhi, na moshi wa kuni unaobaki kwenye blanketi hata baada ya kufuliwa. Nikiwa nyumbani, wiki chache zikipita, naanza kusikiliza malori yanayopanda kilima na kukisia yanaelekea wapi.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ana watoto wake, ana shamba la mahindi na maharage, na magoti yake yameanza kukataa njia ya kijitoni. Safari hii nilimkuta na mpango. Alikuwa amepata kipande cha ardhi kule bondeni na alitaka kupanda vitunguu saumu.

"Mahindi tunakula," aliniambia huku akichambua mboga. "Maharage yanakwenda shuleni. Sijawahi kuvuna kitu nikaamua mwenyewe kiende wapi."

"Na hivyo vitunguu vitakwenda wapi?"

"Kwenye tenki la maji. Hapo, pembeni ya nyumba. Nisiteremke tena na ndoo."

Ili apate mbegu alihitaji mkopo wa kikundi, na mbegu ilipaswa kuingia ardhini unyevu ungalipo. Mambo yote niliyoyaona baadaye yalihusu hilo: kama dada atapanda kabla udongo haujakauka, au atakaa mwaka mwingine na ndoo yake.

Kikundi chao cha kuweka na kukopa hukutana Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kigango. Mtu anaweka kidogo kidogo kwenye sanduku la kikundi. Anayekopa anarudisha alichochukua na riba juu yake, na mwisho wa mwaka riba zote zinagawanywa kwa walioweka. Kwa hiyo kila mwanachama ana mioyo miwili. Akiwa na akiba anataka riba ipande, na akitaka kukopa anaitaka ishuke. Mwaka huu bei za dukani zilikuwa zimepanda. Wenye akiba walisema pesa yao inayeyuka, riba iongezwe. Waliotaka kupanda mazao walisema hawawezi kubeba mbolea ghali na riba ghali kwa pamoja. Mkutano wa kuamua ulikuwa umepangwa.

Mwenyekiti alikuwa jirani yetu, mzee mwembamba wa masweta, mzaliwa wa Tumati, aliyestaafu kutoka benki kuu akaja kujenga huku. Miaka yake ya mwisho kazini aliketi kwenye ile kamati inayopanga riba ambayo mabenki ya nchi nzima huitazama. Watu walimpa uenyekiti kabla hajamaliza kupaka rangi nyumba. Akina mama walimtania kwamba zamani alikuwa akilala na riba ya taifa chini ya mto, sasa amepewa ya kigango ili asikose usingizi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kwa pikipiki kwenda Dongobesh siku za mnada. Hakuwa akinunua sana. Alikuwa akiuliza bei. Kituo chake cha kwanza kilikuwa duka la mbolea na mbegu la mfanyabiashara mmoja, Mwislamu ambaye babu yake alifika na mzigo wa vitambaa akaoa hapohapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbolea imepanda tena?"

"Ilipanda, mzee, halafu imesimama. Sasa inatuangalia."

"Na wanunuzi?"

"Wanaingia. Wanapapasa mifuko kama wanakagua mahari, wanasema watarudi."

"Wanarudi?"

"Unarudi wewe tu. Kila mnada unauliza na hununui. Nikipata wateja watatu kama wewe nafunga duka."

Mzee alicheka, akauliza bei ya mbegu, ya mafuta ya taa, ya nauli ya gunia kutoka Hanang. Njiani nilimwuliza kwa nini anajisumbua, kwani kikundi chenyewe ni kidogo. Alinisogelea sikioni ili upepo usichukue maneno.

"Watu wanadhani gavana wa benki kuu ana usukani," alisema. "Anakunja, nchi inakunja. Mimi niliingia pale nikidhani hivyo. Kazi kubwa ilikuwa kusikiliza. Wiki nyingi kabla ya kikao, vijana wetu walikuwa wanazunguka kuuliza maswali kama haya, kwa wenye maduka, kwa wenye viwanda. Ukikaa mezani bila hayo, unapanga riba ya nchi uliyoiota."

Alinieleza na mengine, safari baada ya safari. Kwamba mkubwa wao alikuwa anazungumza wa mwisho, kwa makusudi. Akizungumza wa kwanza, wengine wangejikuta wanakubaliana naye kabla hawajajua wanafikiri nini. Kwamba waliwahi kubishana hadi chai ikapoa juu ya maneno mawili tu katika tangazo, "kwa sasa", yabaki au yatoke, kwa sababu wenye mabenki wangeyasoma maneno hayo kama sisi tunavyolisoma wingu. Na kwamba walipoamua, hawakuona matokeo upesi. Riba ya leo inafika sokoni baada ya miezi.

Hilo la mwisho nililielewa bila kuelezwa mara mbili. Nimeteremka kona za mlima wa Magara na lori lililojaa mahindi. Pale hushiki breki ukiwa ndani ya kona. Unapunguza mwendo mapema, wakati barabara bado inaonekana nzuri na utingo anakuuliza unaogopa nini. Nilimwambia hivyo mzee.

"Basi ungefaa kamati yetu," alisema.

"Ningekaa wiki moja, ningetoroka."

"Wako waliotamani."

Kisha niliitwa Nangwa. Kulikuwa na vitunguu maji vya kusomba kwenda Katesh na lori lilikosa dereva. Dada alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko na kuniambia nirudi kabla mkutano haujafanyika, kwa sababu angehitaji mtu wa kumshika mkono akianza kutetemeka mbele za watu.

Kazi ile ilinipa raha yake ya kawaida: mlima Hanang upande mmoja, vumbi upande wa pili, redio inayokatika. Lakini nilijikuta kila jioni natazama anga la upande wa Mbulu, nikijiuliza kama udongo wa bondeni bado umeshika maji. Sikuwahi kufanya hivyo kwa shamba la mtu yeyote.

Niliporudi, nilipita Dongobesh kuweka mafuta kwenye pikipiki. Yule mwenye duka la mbolea alitoka nje akanishika mikono kwa salamu ndefu isiyo ya kawaida.

"Mzee wenu kafiwa?"

"Sijasikia."

"Mnada uliopita hakuja. Juzi amepita kwenye gari la padri, nimempungia mkono, ameangalia mbele. Mimi, ambaye ananiulizia hata bei ya kiberiti."

Nyumbani nilimkuta dada ameketi jikoni, mikono juu ya magoti. Hakuuliza habari za Nangwa.

"Kikundi kinakufa," alisema.

Alinisimulia yote kwa mpangilio, kama anavyosimulia misiba. Mzee alikuwa amejifungia. Hakuja kwa jirani kusaidia kupura maharage, ingawa kwetu mtu akipura peke yake ni aibu ya kijiji kizima. Watu wakienda kwake, mke wake alisema anasoma. Wakimkuta njiani alijibu salamu kwa kichwa na kuongeza mwendo. Mtu aliyemuuliza habari za riba aliambiwa, "Siwezi kuongea."

Kwetu huwezi kuwapa watu kitu kama hicho ukategemea walale. Bibi mmoja wa kikundi, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyelitafsiri. Zamani, alisema, mtu aliyepatwa na msiba wa aina fulani alikaa mbali. Hakunywa na wenzake, hakuvuka mto, hakutia mguu kwenye boma la mwingine mpaka muda uishe, ili lililompata lisiwapate. Sasa huyu mzee hana msiba na amejitenga. Basi liko jambo limempata na hataki litufikie, na mtu mwenye sanduku letu anapatwa na nini zaidi ya sanduku?

Maneno yale yalitembea. Ilipofika Ijumaa, nusu ya wanachama walikuwa wamesema kwamba Jumapili hawataki kusikia riba, wanataka akiba zao. Na akiba zikitoka zote hakuna cha kumkopesha mtu.

"Umekwenda kumwuliza?" nilisema.

"Mimi ni mkopaji. Nikienda wataona najipendekeza."

Nikaenda mimi. Mzee alikuwa barazani, miwani puani, karatasi za bei alizoandika Dongobesh zimelaliwa na jiwe zisipeperuke. Nilimwamkia. Alinijibu vizuri tu, kwa sauti ile ile ya siku zote, na hapo nikajua hajui.

"Baba, watu wanasema umekula sanduku."

Alivua miwani. "Nani anasema?"

"Wote. Wengine wanasema umelogwa. Hao ndio wanaokutetea."

Ilichukua muda mpaka tukaelewana. Kule kazini, siku za mwisho kabla ya kikao, wajumbe hawazungumzi na mtu yeyote kuhusu riba. Hawahutubii, hawajibu waandishi, hawakai karamuni na wenye mabenki, kwa sababu hata kukohoa kwao kunaweza kuhesabiwa kuwa habari, na anayesikia kikohozi mapema atapata faida kuliko wenzake. Amefanya hivyo miaka mingi. Huku, mkutano ulipokaribia, aliona jinsi watu wanavyomvizia kisimani na kwenye mnada, kila mmoja akitaka kujua atasimama upande gani. Akaona njia ya haki ni ile aliyoijua.

"Kule ukikaa kimya watu wanajua unafikiri," alisema.

"Huku ukikaa kimya watu wanajua umefanya kitu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alitazama bondeni, ambako kipande cha dada kilionekana cheusi, kimelimwa, hakina kitu ndani.

"Lakini kule," alisema polepole, kama anayejijibu mwenyewe, "siku za kimya zilikuwa zinajulikana. Kila mtu alijua zinaanza lini na zinaisha lini. Na siku nyingine zote tulikuwa tunasema mpaka watu wanatuchoka. Mimi nimeleta kimya peke yake. Hayo mengine nimeyaacha Dar."

Nilidhani ataitisha mkutano wa dharura. Asubuhi yake alichukua fimbo na kwenda kwa bibi yule, ambaye alikuwa anapura maharage na akina mama wengine, dada akiwemo. Nilikuwa nimebeba magunia, nikaona yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema bibi, bila kuinua macho. "Kumbe mdomo bado unao."

"Ninao, mama."

"Tulifikiri umeuacha rehani."

Akina mama walicheka, lakini fimbo zao hazikusimama. Mzee aliingia kwenye mstari, akaanza kupiga maganda. Alipiga vibaya, mtu wa ofisi, maharage yakarukia majani. Bibi alimwonyesha namna ya kushusha fimbo ikiwa imelala. Wakapiga hivyo kwa muda. Kisha akaeleza, kwa maneno mepesi, zile siku za kimya ni nini, kwa nini ziliwekwa, na kwamba amekosea kuzileta bila kuwaaga. Sanduku liko na watunza funguo walewale, na anayetaka kulitazama aende leo.

Bibi alisimamisha fimbo. "Haya. Riba itakuwaje?"

"Hilo siwezi kusema peke yangu, mama. Nikikuambia wewe, yule aliyebaki nyumbani nimemwibia."

"Basi tuambie unaangalia nini. Hilo nalo ni siri?"

Mzee alifikiri. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo akiwa ameshika fimbo. "Hapana," alisema. "Hilo si siri."

Akataja. Anaangalia mbolea, ambayo ilipanda na sasa imesimama. Anaangalia bei ya maharage siku ile ambapo kila mtu atakuwa anauza. Anaangalia unyevu. Anaangalia wangapi wanataka kukopa kwa ajili ya kupanda na wangapi kwa ajili ya harusi. Anaangalia kama mwenye akiba, mwisho wa mwaka, atanunua kwa pesa yake kile kile alichoweza kununua alipoiweka. Akina mama walianza kumrekebisha. Mmoja alisema bei ya maharage ya Karatu asiisahau. Mwingine alisema pesa za harusi zisihesabiwe mikopo, zihesabiwe ugonjwa. Jua lilipopanda, walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe kama watu waliokalia ile meza ya Dar, na mzee alikuwa amenyamaza tena, lakini sasa hakuna aliyeuona ubaya wa kimya chake.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa kanisa alifungua kwa ile sala yetu ndefu ya kuombea mvua, ng'ombe na masikilizano, sisi tukiitikia kila alipopumua. Wawili walidai akiba zao na wakapewa, mbele ya wote, bila neno. Nilimwona mwenyekiti amekaza mikono yake mapajani hadi walipomaliza kuhesabu. Nadhani alikuwa anangoja wa tatu. Wa tatu hakusimama.

Aliwaomba wenye akiba ndogo waanze kuzungumza. Dada alisimama akiwa anatetemeka. Sikumshika mkono, nilikuwa mbali. Alisema ana akiba na anataka mkopo, kwa hiyo akiomba riba ndogo mno anajiibia mwenyewe, lakini vitunguu haviwezi kungoja hadi bei zipoe. Alikaa. Bibi alisema riba ikipunguzwa kwa wote, wenye harusi watacheza ngoma kwa pesa yake. Wengine wakafuata, na kila mmoja alisogeza jambo kidogo.

Mwenyekiti alizungumza wa mwisho. Alikiri kwamba alikuja akitaka riba iongezwe kidogo, akihofia bei, na kwamba yale ya mbolea kusimama yalimfanya asite, na yale aliyosikia pale yamemsogeza. Wakaamua hivi: riba ipungue kidogo kwa mikopo ya kupanda peke yake, hadi mavuno, nyingine zibaki zilivyo. Baada ya mavuno watakaa tena, na wote wajue tangu leo kwamba bei zikiendelea kupanda, riba nayo itapanda. Hakuna atakayesema alishtukizwa. Aliisoma tena sentensi hiyo ya mwisho, akauliza kama kuna neno la kuondoa. Bibi alisema liongezwe moja: na mwenyekiti asalimie.

Likaandikwa.

Tulipanda siku chache baadaye, dada, watoto wake na mimi, tukisukuma punje kwenye udongo kwa vidole gumba. Udongo ulikuwa bado baridi. Niliitwa tena Nangwa nikasema nitakuja nikimaliza, na kazi ikapewa mtu mwingine. Sikuumia kama nilivyotegemea. Asubuhi nilikuwa nateremka bondeni mapema, kabla dada hajaamka, kutazama kama kuna kitu. Siku moja kulikuwa na kitu: ncha za kijani, nyembamba kama sindano, zimetoboa ukungu.

Nilipopanda kumwambia, nilimkuta mzee njiani na fimbo yake, anakwenda Dongobesh kwa miguu kwa sababu nilichelewa kumchukua. Mkutano wa baada ya mavuno ulikuwa bado mbali, lakini alikuwa ameshaanza kuuliza bei.

Bibi yule alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo mama," mzee alisema.

"Marahaba. Umeshaingia kimya?"

"Bado, mama. Nikiingia nitakuja kukuaga."

"Njoo na sukari," alisema bibi. "Kuagwa bila chai ni kama kufukuzwa."

Nilifika nyumbani, nikawasha pikipiki nimfuate mzee. Dada alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, mahali patakapokaa tenki, anapima kwa hatua zake. Nilimpigia kelele kwamba vimeota. Aliokota jiwe, akaliweka chini kuonyesha kona ya kwanza, akaenda kutafuta la pili.